Hariri, Maji na Umeya: Maisha ya John Ryle wa Paterson

Mwaka 1840 kijana mmoja wa Kiingereza, umri wake miaka 22, aliingia katika kiwanda cha bunduki mjini Paterson, jimbo la New Jersey, Marekani, kukagua mitambo isiyohusiana kabisa na bunduki. Kiwanda hicho kilikuwa jengo la mawe la ghorofa nne kando ya Mto Passaic, na sifa zake zilitokana na Samuel Colt, ambaye humo ndimo alimoundia bastola zake za kwanza za kuzungusha risasi. Ghorofa ya juu ilikuwa na habari yake nyingine. Christopher Colt, wa ukoo uleule, alikuwa amefunga huko mitambo ya kusokota hariri, akaiendesha kwa miezi michache, akaona hailipi, akaiacha. Sasa mitambo ilikuwa inatafuta mnunuzi.

Kijana huyo aliitwa John Ryle. Aliyemtuma, mfanyabiashara George Murray, alikuwa na fedha na hamu ya kuingia katika hariri, lakini kazi yenyewe hakuijua. Ryle aliijua tangu utotoni. Alirudi na jibu kwamba mitambo inafaa. Murray akalipa dola 3,200, na Ryle akakabidhiwa usimamizi. Miaka 29 baadaye kijana yule alikuwa meya wa Paterson. Mji alioukuta na wakazi wasiofika 8,000 ulikuwa umevuka 33,000 kwa hesabu ya mwaka 1870, na watu walikuwa wakiuita Mji wa Hariri.

Ryle alizaliwa Oktoba 1817 karibu na Macclesfield, katika mkoa wa Cheshire, Uingereza. Macclesfield ilikuwa mji wa hariri tangu karne ya 18, wakati Charles Roe alipojenga kiwanda cha kusokota kwa nguvu ya maji. Mjini humo ndimo Ryle alimoanza kazi akiwa na umri wa miaka mitano, akihudumia bobini, yaani vijiti vinavyoviringishiwa uzi. Hakuwa peke yake. Watoto walipendwa katika kazi hii kwa sababu vidole vyao ni vidogo na uzi wa hariri ni mwembamba kuliko unywele. Katika mabanda ya kusokotea ya eneo hilo, wavulana walikimbia peku kutwa nzima, wakivuta nyuzi kutoka upande mmoja wa banda hadi wa pili, wakizipitisha kwenye ndoano na kurudi mbio kuanza tena. Bunge la Uingereza lilipopitisha Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833, iliyokataza kuajiri watoto wa chini ya miaka tisa katika viwanda vya nguo, viwanda vya hariri vilisamehewa katazo hilo. Wenye viwanda walidai kwamba bila vidole vya watoto biashara isingesimama.

Ili kuelewa kwa nini mtu aliyepita katika malezi hayo alikuwa na thamani kubwa Marekani, ni lazima kuutazama uzi wenyewe. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi, kisha hujizungushia kifukofuko cha uzi mmoja usiokatika, ambao urefu wake unaweza kufika mita 900. Vifukofuko hulowekwa katika maji ya moto, ncha za kadhaa hushikwa pamoja, na uzi huvutwa hadi uishe. Hariri mbichi inayotokana na kazi hiyo ni ngumu na haina mng'ao, kwa sababu kiwavi ameipaka gundi. Ikifika kiwandani huloweshwa kwa maji ya sabuni, huviringishwa kwenye bobini, husafishwa mafundo, husokotwa, huunganishwa na nyuzi nyingine na kusokotwa tena. Mwisho huchemshwa ili gundi itoke, na hapo karibu robo ya uzito wake huyeyuka na mng'ao hujitokeza. Msokoto ukilegea, uzi hupasuka nyuzinyuzi; ukizidi, hujikunja na kukatika. Mambo haya fundi huyajua kwa kidole kabla hayajaonekana kwa jicho.

Wamarekani walikuwa mabingwa wa nguo ya pamba. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa hilo, kwani neno merikani ni ushahidi tosha. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Unguja majora ya nguo hiyo, na mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo huko kulinda biashara yake. Lakini taifa lililoweza kuuza merikani nusu ya dunia halikuweza kusokota hariri ya kushindana na ya Ufaransa au Uingereza. Pamba ilikuwa inalimwa kwao na mitambo yake walikuwa wameimudu. Hariri mbichi ilitoka Uchina, na mikono iliyoizoea ilikuwa ng'ambo ya bahari.

Walijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kupanda miti. Katika miaka ya 1830 wakulima wa majimbo ya mashariki walishikwa na wazimu wa aina moja ya mforosadi wa Kichina, wakiamini kwamba kila shamba lingekuwa na viwavi wake na kila kaya hariri yake. Miche ikauzwa na kuuzwa tena kwa bei iliyopanda kila msimu, na wengi walinunua kwa nia ya kuuza tu, bila kufuga kiwavi hata mmoja. Mwaka 1839 soko la miche likaanguka, na mashamba yaliyojaa miforosadi yakabaki bila mnunuzi.

Mwaka huohuo wa 1839 ndipo Ryle aliposhuka melini. Alikwenda kwanza Northampton, Massachusetts, kwenye kiwanda cha Samuel Whitmarsh, mmoja wa wahubiri wakubwa wa mforosadi, akafika wakati ndoto yenyewe inavunjika. Kisha akahamia New York kuuza hariri waliyokuwa wakiitengeneza ndugu zake Macclesfield. Huko ndiko njia yake ilikokutana na ya Murray, na kutoka New York hadi Paterson ni kilomita kama 25 tu. Tangu mwaka 1832 Paterson ilikuwa pia na reli inayoelekea upande wa jiji hilo.

Paterson haikuwa mji wa kawaida. Ilianzishwa mwaka 1791 na kampuni iliyopewa hati na jimbo la New Jersey, na aliyeisukuma mbele alikuwa Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, ambaye naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis. Mji ulipewa jina la gavana aliyetia saini hati hiyo, William Paterson. Sababu ya kuchagua mahali hapo ilikuwa moja: maporomoko ya Mto Passaic, ambapo maji yote ya mto huanguka mita 23 ndani ya ufa mwembamba wa mwamba mweusi. Mifereji ilichimbwa kwa ngazi tatu, ili maji yaliyokwisha kuzungusha gurudumu la kiwanda cha juu yazungushe la pili na la tatu kabla ya kurudi mtoni. Kampuni haikuhitaji kufuma chochote. Ilikodisha maji, na kila mwenye kiwanda alilipia kiasi alichotumia.

Hivyo katika Paterson swali la nani anamiliki maji lilikuwa swali la nani anaumiliki mji, na wafanyakazi walilijua hilo mapema. Mwaka 1827 Timothy Crane, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, alinunua ardhi ya upande wa pili wa maporomoko, mahali ambapo watu wa viwandani walikuwa wakipumzika Jumapili bila malipo. Akapafanya bustani ya starehe, akaunda daraja, akatoza ada kwa kila anayevuka. Tarehe 30 Septemba, siku ya kulivusha daraja hilo juu ya ufa, Sam Patch, msokotaji wa pamba aliyeingia kiwandani akiwa mtoto mdogo, alisimama ukingoni mbele ya umati akajirusha majini. Aliibuka salama, na macho yote yaliyokuwa kwa Crane yakahamia kwake. Miaka minane baadaye, Julai 1835, watoto na watu wazima wa viwanda kama 20 vya Paterson waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 11. Waliambulia saa 12, na tisa kwa Jumamosi.

Huo ndio mji ambao Ryle aliingia na ujuzi wake.

Alianza na kile ambacho soko lilikihitaji zaidi, uzi wa kushonea. Hariri mbichi ya Canton, Uchina, ilipitia New York hadi ghorofa ya nne ya kiwanda cha bunduki, ikasokotwa, ikauzwa kwa washonaji na wenye maduka. Mwaka 1843 Murray alimfanya mshirika. Mwaka 1846, kwa msaada wa fedha za ndugu zake wa Macclesfield, Ryle alimnunua Murray hisa zake zote, na mwaka uliofuata akalinunua jengo lenyewe. Kampuni ya bastola ilikuwa imekwisha kufilisika mwaka 1842. Mapema kabisa alijaribu pia kufuma nguo, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kufuma hariri kiwandani katika nchi hiyo. Lakini kufuma hakukumpa faida. Mfumaji wa Lyon, Ufaransa, au wa Macclesfield alilipwa kidogo, na nguo yake ilifika New York kwa bei ambayo Paterson haikuiweza. Ryle akarudi kwenye uzi, na uzi ukamtajirisha, hasa cherehani ilipoenea katika miaka ya 1850 na kudai uzi ulio sawasawa, imara, usiokatika chini ya sindano inayokwenda mbio.

Hata hivyo hakuacha kutamani nguo. New York ilipoandaa maonyesho yake ya dunia mwaka 1853, katika jumba la vioo lililoiga lile la London, Ryle alitengeneza bendera kubwa ya Marekani ya hariri ya kupepea hapo. Mtu aliyezaliwa chini ya mfalme wa Uingereza alitumia hariri ya Uchina, maji ya Passaic na ufundi wa Macclesfield kutengeneza bendera ya nchi yake mpya. Wafanyabiashara walioagiza hariri zao zote kutoka Ufaransa waliiona juu ya vichwa vyao.

Miaka hiyo pia alijenga kiwanda kipya kikubwa akakiita Murray, jina la mtu aliyemwamini akiwa hana kitu. Akanunua ardhi ya kandokando ya maporomoko, juu ya jabali, pale ambapo Crane alikuwa ametoza ada. Ryle alipatengeneza pakawa bustani ambamo wakazi wa mji walitembea. Katikati ya miaka ya 1850 akashughulikia jambo ambalo lilimweka kwenye midomo ya kila kaya: kampuni ya maji. Hati ya Kampuni ya Maji ya Passaic ilikuwa imetolewa mwaka 1849, lakini hati haizimi moto wala haichoti ndoo. Chini ya Ryle na wenzake, pampu zilifungwa kwenye maporomoko, zikaendeshwa na nguvu ya mto wenyewe, na maji yakapandishwa hadi hifadhi iliyo juu ya mji, kisha yakateremka kwa mabomba mitaani.

Mwanamke wa Paterson ambaye mwaka 1850 alichota maji kisimani na kuyabeba ngazi mbili, mwaka 1860 aliweza kuyapata bombani. Kwa wenye kaya hizo, Ryle alikuwa mtu wa maji kabla hajawa mtu wa kura. Wanasiasa wengi wa miji ya viwanda walipanda kwa hotuba na vyama. Njia ya Ryle kuelekea umeya ilipita kwenye mfereji, bustani na bomba, na mji ulipomchagua mwaka 1869, ulikuwa unamchagua mtu ambaye kazi zake wakazi walizitumia kila asubuhi.

Alikaa kwenye kiti mwaka 1869 na 1870. Mwaka wa kwanza ulimjia na msiba: kiwanda cha Murray kiliteketea kwa moto. Viwanda vya wakati huo vilikuwa na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mitambo kwa miaka mingi, taa za gesi, na vumbi la nyuzi kila pembe. Moto ukishika, hapakuwa na la kuokoa. Kazi ya maisha ya mtu na mishahara ya mamia ya watu vilikwisha kwa pamoja. Ryle alikuwa na umri wa miaka 51. Alijenga upya na kuendelea kusokota, ingawa sasa alikuwa mmoja tu kati ya wengi, kwa sababu Paterson ilikuwa imejaa wenye viwanda vya hariri.

Walitoka wapi? Jibu liko Macclesfield. Mwaka 1860 Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa biashara ulioondoa ushuru wa Uingereza kwa hariri ya Kifaransa. Nguo za Lyon zikafurika, na vitanda vya kufumia vya Macclesfield vikanyamaza. Upande wa pili wa Atlantiki mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya Marekani, ikitafuta fedha za vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipandisha ushuru wa nguo za hariri kutoka nje hadi asilimia 60 mwaka 1864, huku hariri mbichi ikiingia bila ushuru. Kufuma kulikomshinda Ryle katika miaka ya 1840 sasa kulilipa, na kulilipa vizuri. Wafumaji wa Macclesfield walifunga mizigo kwa familia nzima. Walikuta Paterson majirani wa zamani, lafudhi yao wenyewe, na tajiri mwenye kiwanda aliyetoka katika mitaa yao. Kufikia mwaka 1880 mji ulikuwa na watu 51,031, na karibu nusu ya hariri yote iliyotengenezwa Marekani ilitoka hapo.

Lakini hesabu hizo zilikuwa na mikono nyuma yake, na mikono mingi ilikuwa midogo. New Jersey ilipitisha sheria mwaka 1851 iliyokataza watoto wa chini ya miaka kumi kufanya kazi viwandani na kuweka siku ya kazi ya saa kumi, lakini haikuwa na mkaguzi wa kuisimamia. Katika viwanda vya hariri vya Paterson, wasichana na wavulana waliviringisha uzi kwenye bobini kama Ryle alivyofanya akiwa mtoto. Mkaguzi wa kwanza wa viwanda wa jimbo hilo alipatikana mwaka 1883 tu, pamoja na sheria mpya iliyokataza wavulana wa chini ya miaka 12 na wasichana wa chini ya miaka 14. Ryle aliijua kazi ya mtoto wa kiwandani kwa mwili wake. Alipokuwa na mtaji, ardhi, maji na kiti cha umeya, biashara aliyoiasisi iliendelea kusimama juu ya watoto. Sifa zake haziwezi kuandikwa bila jambo hilo kuandikwa kando yake, na anayempenda Ryle ndiye anayepaswa kulisema kwa sauti, kwa sababu katika wenye viwanda wote wa Paterson ndiye aliyejua zaidi maana yake.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 70, Ryle alikwenda Uingereza kutembelea alikozaliwa. Aliugua na kufariki dunia hukohuko, karibu na viwanda alivyoanzia. Marekani ilimkumbuka kwa jina la baba wa hariri yake.

Mji wake uliendelea kukua hadi watu 105,171 mwaka 1900, wakiwemo wahamiaji wapya wengi kutoka Italia, Ujerumani na Ulaya Mashariki. Mwaka 1913 wafanyakazi kama 25,000 wa hariri waligoma kwa miezi mitano. Wafumaji walikataa kusimamia vitanda vinne mahali pa viwili, na wote walidai siku ya saa nane. Walishindwa. Katika miongo iliyofuata hariri ilihamia majimbo mengine, nyuzi za kutengenezwa zikaja, na mitambo ikang'olewa moja baada ya nyingine.

Maporomoko hayakuhama. Mwaka 1914 kampuni ileile ya Hamilton ilifunga kituo cha umeme chini yake, na mwaka 2011 eneo lote likawa rasmi hifadhi ya kitaifa ya historia. Kiwanda cha bunduki alichokagua Ryle kiliungua mwaka 1983. Kilichobaki ni kuta za chini za mawe, zimezungukwa na miti, hatua chache kutoka majini. Juu ya jabali, familia za Paterson husimama siku za Jumapili kutazama mto ukianguka katika ufa uleule ambamo Sam Patch alijirusha, na hakuna anayewatoza ada.